Goti la Mwalimu Chura

Watoto wa chekechea walimwita Mwalimu Chura, naye aliitika bila kinyongo, maana kazi yake hasa ilikuwa kuruka. Alichora vyumba sakafuni kwa chaki, akaandika namba ndani yake, kisha akatangulia na darasa zima likamfuata, likihesabu kwa sauti ya kung'oa mabati. Kujumlisha ni kuruka mbele, kutoa ni kurudi kinyumenyume. Mle ndani hakuna aliyeambiwa atulie.

Mwaka huo goti lake la kulia likaanza kumletea visa. Alijikaza kisabuni, kwa sababu mwalimu mkuu akisikia tu, atampeleka stoo kugawa vitabu, na bila watoto wale angekonda kwa upweke. Basi akawa akifika tano anasimama, anashika goti, anaguna kidogo, kisha huyoo, sita. Alidhani hakuna aliyemwona.

Siku mwalimu mkuu alipoingia kutazama somo, Mwalimu Chura aliuma meno akaipita tano kama msichana. Nyuma yake, kila mtoto alipofika tano alisimama, akashika goti, akaguna.

"Mbona unashika goti?" mwalimu mkuu akamuuliza mmoja.

"Tano huwa inauma," mtoto akajibu.

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akamgeukia Mwalimu Chura. "Dada, limeanza lini hilo?"

"Lina muda, mkuu."

"Pole. Sasa kaa hapa." Akamvutia kiti.

"Nikikaa hawaruki. Wanafuata miguu yangu."

"Hebu tuone."

Akakaa, shingo upande. "Nne, ongeza mbili," akasema. Watoto wakamkodolea macho miguuni, wakingoja. Hakuna aliyesogea. Ile stoo Mwalimu Chura aliiona kabisa, na vumbi lake.

Ndipo kabinti kamoja, kale kanakojificha siku zote nyuma ya wenzake, kakaenda kusimama kwenye nne. Kakaruka, kakaruka tena, kakatazama chini.

"Sita," kakasema.

Wenzake wakamiminika. Kila mmoja akataka hesabu yake.

"Kiti kibaki hapa," mwalimu mkuu akasema akitoka. "Na wewe ubaki nacho."

Mwalimu Chura alifurahi hadi machozi, na hapo hapo roho ikamuuma. Kumbe siku nyingi walishaweza kuruka bila yeye. Aliyekuwa hajawaachia nafasi ni yeye.