Neno Moja Kwenye Kiitikio cha Albamu ya Mume Wangu

Admin, habari za kazi. Naomba ufiche jina langu, na la mume wangu usiliandike hata herufi ya kwanza, maana huku Tarime kila mtu ni shemeji wa mtu na wambea hawaishiwi bando.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, kwetu ni Singida. Nilikuja Nyakunguru kupikia wachimbaji wa dhahabu, nikaolewa na mmoja wao, Mkurya, na tuna binti mmoja. Mume wangu aliacha mashimo akarudia kipaji chake. Anapiga litungu, lile zeze la Wakurya, ila analichanganya na gitaa la umeme na ngoma za roki, na nyimbo anatunga mwenyewe. Sasa anarekodi albamu yake ya kwanza kwenye studio moja pale Sirari. Kikurya mimi najua salamu na bei ya ndizi tu, na siku hizi nahisi hilo linamfaa sana.

Kuna wimbo mmoja anasema ndio utakaobeba albamu nzima. Akataka kiitikio niimbe mimi, eti sauti yangu ina huzuni inayofaa. Alinifundisha jikoni, silabi kwa silabi, huku nasonga ugali. Nilipouliza maana akasema, "Mpenzi, njoo nyumbani." Hilo neno la mpenzi ni mokamona. Jamani nilifurahi. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa, na sikuwahi kusikia mtu akilitamka, nikajua ni neno tamu la faragha. Nikaanza kumwita mume wangu hivyo kwenye simu. Alikuwa anacheka mpaka anapaliwa.

Siku ya majaribio studio, wale dada wawili wa kuitikia waliangalia chini nilipoanza kuimba. Nikamuuliza prodyuza, kijana wa upande wa Kenya, kama sauti inakosea. Akasema, "Zii madam, uko sawa kabisa. Hiyo maneno muulize tu mzee wako." Mimi nimeuliza sauti, yeye ananijibu maneno. Nikaliweka moyoni.

Baadaye ikaja habari ya picha ya kava. Mume wangu akang'ang'ania ipigwe Busawe, nyumbani kwa mama mkubwa, mjane wa kaka yake baba mkwe, kwamba kuna mawe mazuri. Alidai hajakanyaga huko tangu mazishi ya baba mkubwa, kabla hata hatujaoana. Tukafika. Mbwa wa pale ni mkali, mpiga picha alipanda juu ya jiwe na kamera yake. Mume wangu mbwa huyo alimtikisia mkia akamlamba mkono. Na mbwa mwenyewe bado mdogo, hajamaliza hata mwaka.

Nikamwamkia mama mkubwa, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu," kisha akageukia nyumba ya pili akaita, "Mokamona, leta viti." Nilitaka kucheka, bibi wa watu naye ana mpenzi. Akatoka dada mmoja mwembamba, ana mwanya, mtoto mgongoni. Alitusalimia wote isipokuwa mume wangu. Akapanga viti, na kile chenye mgongo akakipeleka kwake moja kwa moja.

Mume wangu alipokuwa anapigwa picha, nikamvuta pembeni mama mmoja jirani aliyekuja kutazama. Nikamuuliza mokamona ni nani.

"Ni mkwe," akasema. "Mke wa mwanao."

"Mwanawe wa kiume yuko wapi?"

"Hana. Alizaa mabinti, wote wameolewa. Huyu dada, bibi mwenyewe ndiye aliyemwoa kwa ng'ombe wake, nyumba isife. Ndiyo nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke amzalie watoto."

"Na baba wa mtoto?"

"Mara nyingi anatafutwa mwanamume wa ukoo huohuo. Lakini hatuulizi, mama. Mtoto ni wa mji huu."

Tukarudi nyumbani. Nilipombana mume wangu wala hakutetereka. "Mokamona si ni wewe? Wewe ni mkwe wa ukoo wetu. Nimekuimba wewe." Nikamwambia alinifundisha kuwa ni mpenzi. Akajibu, "Kwangu mimi ni kitu kilekile." Nikamuuliza habari ya mbwa. Akasema mbwa wanapenda wanamuziki.

Nikampigia simu mmoja wa wale dada wa studio. Alizungukazunguka, mwisho akasema, "Shemeji, usiniponze. Ubeti wa pili anasifia mwanya." Mimi meno yangu yamebanana kama punje za mahindi.

Ushahidi sina. Huenda namsingizia mwanaume wa watu kwa sababu ya mbwa na kiti. Mila yao siidharau, mama mkubwa hana kosa, na yule dada hata sijui kama alipewa nafasi ya kuchagua. Ila naumia, nasema ukweli. Kama ni kazi ya ukoo tu, kwa nini anaimba? Na kama anampenda, kwa nini anataka nimwimbie mimi?

Jumamosi natakiwa studio kurekodi kiitikio. Nikikataa, ataniambia nimeua albamu aliyoihangaikia miaka yote, na ndugu zake watasema mwanamke wa kuja ana wivu. Nikikubali, wimbo utapigwa redioni na kwenye maharusi ya Wakurya wote, wanaojua lile neno. Binti yangu ameshaukariri, anauimba akicheza uani.

Siku ile Busawe nilimuuliza pia yule jirani kama sehemu iliyobaki ya kiitikio nayo mume wangu alinidanganya. Akasema hapana, hiyo ni kweli, maana yake ni njoo nyumbani. Kwa hiyo ndugu zangu nishaurini, niende nisiende? Maana nikisimama mbele ya ile maiki, atakayekuwa anamwita mwanamke huyo aje nyumbani kwangu ni mimi.