Siku Baba Yangu Alipoitwa Roboti

Baba yangu ameitwa mengi maishani: mbishi, mkaidi, bahili wa sukari. Kuitwa roboti kulimkuta uzeeni, na aliyemwita hivyo ni rafiki yake kuliko wote.

Hawa wazee wawili wamecheza karata tangu sijazaliwa. Baba ni Mhangaza, mkulima wa migomba na kahawa kule Ngara, Mkatoliki wa kusali rozari hata akiwa anasukuma baiskeli mlimani. Mwenzake ni muuza vitambaa, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Mimi namwita baba mdogo. Alikuwa na duka Ngara mjini, na kila siku ya soko walikaa barazani kwake wakicheza, yeye akiongea, Baba akinyamaza. Miguu ilipomkataa, watoto wake wakamhamishia Biharamulo.

Baba akanyong'onyea. Nikamnunulia simu kubwa, nikawawekea wote wawili poka ya mtandaoni, ile ya chipu za bure badala ya pesa, maana baba mdogo hataki kabisa kusikia habari za kamari. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, nyingine zinawekwa mezani wote wazione, kisha mnatishana kwa kupandisha dau mpaka mwenye woga atupe zake. Kuficha ulichonacho ndio mchezo wenyewe. Na Baba, ambaye hajui hata kupiga picha kwa simu ile, akawa anashinda kupita kiasi.

Asubuhi moja akashuka kwenye basi hapa Nyakanazi, akaingia kwenye mgahawa wangu bila hata kuuliza kuna supu gani, akaninyooshea simu. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza. Ulisema akaunti yake imefungwa kwa sababu anatumia programu inayojichezea yenyewe.

"Maana yake nini?"

"Wanasema wewe ni mashine, Baba."

"Mashine ya nini?"

"Ya kucheza karata."

Akafikiri kidogo. "Mimi nimebatizwa," akasema.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Nikampigia baba mdogo nimpe pole kwamba mwenzake kafungiwa, naye akanijibu bila hata haya, "Mimi ndiye niliyemshtaki."

"Kwa nini, baba mdogo?"

"Mwanangu, mtu gani anafikiri muda uleule kwa kila karata? Ana mfalme, muda uleule. Ana takataka, muda uleule. Vijana wa huku wameniambia ndiyo dalili yenyewe hiyo. Baba yako kanunua mashine."

"Baba huyu ambaye simu ikizima anaitikisa?"

"Basi umemnunulia wewe."

Nikamkatia simu. Mzee wangu kabisa, na nilimkatia, tena ningekuwa na uwezo wa kumkatia mara mbili ningemkatia. Baba aliposikia nani kamshtaki, hakufoka. Alisema tu kwamba siku huyo Mswahili akifa, yeye hatakwenda msibani. Kwetu mtu akifika hapo ujue urafiki umekwisha, kilichobaki ni kuuzika. Nikaogopa. Baba hana rafiki wa akiba.

Akarudi Ngara kutafuta ushahidi. Mtendaji wa kijiji akamwandikia barua ya utambulisho, yenye muhuri, kwamba mtajwa hapo juu ni binadamu, ni mkazi wa kudumu wa kijiji hiki, na hajawahi kujulikana kuwa kitu kingine. Parokia ikatoa cheti cha ubatizo. Akaniletea vyote, nikavipiga picha, nikavituma. Jibu likaingia kabla sijaweka simu mezani: mchezaji mpendwa, tumeupitia utetezi wako kwa makini. Nani kaupitia, na saa ngapi? Ndipo nikaelewa kwamba anayejibu ni roboti. Mashine ndiyo iliyokaa kitini kuamua kama baba yangu ni mtu. Hukumu ikawa kwamba akaunti inafunguliwa kwa majaribio, na mchezo wake ukionekana tena kuwa wa mashine, itafungwa moja kwa moja.

Nikawaita wote wawili Nyakanazi. Kila mmoja nilimwambia kwamba mwenzake anaumwa. Baba alifika kwanza. Baba mdogo akaletwa na mwanawe kwa gari, kanzu imenyooka, kofia imekaa sawasawa, mgonjwa haonekani popote.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yenu imeshafika?"

Baba akageuka akatazama malori yaliyoegeshwa nje. Nikawakalisha uso kwa uso, nikatupa katikati karata za kawaida, zile za makaratasi, nikawaambia wacheze mbele yangu, na atakayeondoka kabla sijaridhika asile tena chakula changu. Wakacheza. Baba mdogo alikuwa amenuna, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongea. Akawa anamkazia macho Baba.

"Unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu."

"Midomo inacheza."

"Nasali."

"Unasali nini?"

"Salamu Maria."

"Kila karata?"

"Kila karata. Nzuri, mbaya, zote."

Baba mdogo akaziweka zake chini. "Tangu lini?"

"Tangu barazani kwako."

"Mbona sikuwahi kuona?"

"Ulikuwa unaongea."

Baba mdogo akacheka mpaka kofia ikamtoka, kisha akawa anajifuta macho kwa muda mrefu kuliko kicheko kilivyohitaji. "Mhangaza wewe," akasema, "nimekushtaki kwa kusali."

Furaha ikawaishia pale tulipokumbuka yale majaribio. Mimi nikashauri Baba acheze bila sala. Wakanitazama wote wawili kama niliyetemea mate kwenye sufuria.

"Hamna sala nyingine?" baba mdogo akauliza. "Fupi, ndefu?"

Mchana ule wote mzee wa Kiislamu aliketi katika mgahawa wangu na saa yake ya mkononi, akipima sala za Kikatoliki. Atukuzwe Baba ilionekana fupi. Baba Yetu ya katikati. Nasadiki ilikuwa ndefu hata dereva mmoja wa lori, Mlutheri, akashauri isaliwe nusu, akafukuzwa. Baba akajipangia utaratibu mwenyewe: karata nzuri ni za kushukuru tu, Atukuzwe inatosha. Karata mbovu zinahitaji Nasadiki.

Majaribio akayapita. Roboti ikamwandikia pongezi kwamba amethibitika kuwa binadamu. Wazee wakarudi kucheza kila jioni, huku wamefungua simu nyingine ya kuongelea, na tangu hapo Baba anafungwa. Anafungwa kila siku. Akichelewa kidogo tu, baba mdogo anajua kwamba Nasadiki imeanza, anapandisha dau, na Baba anatupa karata.

Nikaona aibu kwa niaba yake. Alipokuja juzi nikamwambia, "Baba, siku ukiwa na karata nzuri, si usali Nasadiki, adhani una mbovu?"

Akaisogeza sahani yake pembeni. Sijamwona na hasira vile hata siku alipoitwa roboti.

"Nimdanganye kwa Nasadiki?" akasema. "Mwanangu, hilo kaiambie mashine ifanye."

Kisha akaiwasha simu, akaenda kufungwa.