Kamba Iliyozikwa na Mguu wa Mume Wangu

Wasomaji wapenzi, mhariri amekubali kunifichia jina, namshukuru sana. Nina miaka ishirini na miwili, nilimaliza kidato cha nne, na niliolewa majuzi tu hapa kusini mwa Kitui. Jamani, nimependwa! Mume wangu akiniita tu ninapotoka kuchota maji, mtungi unataka kuniponyoka. Lakini nyumba yangu hii tamu imeingiwa na kitu nisichokijua jina.

Mume wangu hana mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Nyoka kifutu alimuuma akichunga mbuzi. Mama mkwe akamfunga kamba ya mkonge, akaikaza kwa nguvu zake zote ili sumu isipande. Gari lilichelewa kupatikana. Walipofika hospitali ya misheni mguu ulikuwa umekufa, ukakatwa. Wajomba zake wakakabidhiwa mguu huo ukiwa ndani ya shuka, wakauzika kando ya boma.

Nilimwona mara ya kwanza kwaya yetu ilipoenda kuwaimbia wagonjwa. Alikuwa akijifunza kutembea kwa mguu wa mbao kati ya vyuma viwili, jasho likimtiririka.

"Dada, usinihurumie," akaniambia. "Ule mwingine umetangulia kwenu kuposa."

Wodi nzima ikacheka. Mimi hapo nilikuwa nimekwisha.

Baada ya harusi ndipo nikajua kwamba mguu usiokuwapo unamuuma. Huanza vidole, kisha anasema kamba inakazwa. Hushika hewa pale ambapo mguu ungekuwa, akijaribu kufungua. Mama anayewafundisha wagonjwa mazoezi pale hospitalini alituambia huo si wazimu, mishipa iliyokatwa bado inapeleka habari kichwani. Nimkande kigutu, nikifunge bandeji vizuri, naye asiache kutembea. Nilimkanda kwa mapenzi yangu yote, na kweli akapata nafuu. Kuna Jumapili alifika kanisani bila gongo, nikaimba mpaka sauti ikakauka.

Lakini maumivu yalirudi, na mama mkwe husikia kila kilio. Siku moja aliweka ungo wake chini, akaniuliza, "Mwana wakwa, mwanangu, kabla ya kuuzika mguu, nani aliona kamba ikifunguliwa?"

"Mama, ilikatwa hospitalini siku ileile. Yule mama wa mazoezi ameniambia."

"Wewe ulikuwapo?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Mkono uliofunga ni huu wangu," akasema. "Na ndio utakaofungua."

Sasa yeye na wajomba wamepatana kwamba mbaazi zikishavunwa, waufukue mguu. Mganga amekwisha kuambiwa. Anasema kamba isipoonekana shimoni, basi imo ndani ya kigutu, naye atakipasua aitoe. Nimemlilia mume wangu. Yule mcheshi wangu akanitazama kama mgeni.

"Wacha apasue," akasema. "Wewe hujui inavyokaza."

Mguu wa mbao umesimama pembeni mwa chumba, buibui wameanza kuufanya nyumba.

Mimi najua hakuna kamba shimoni. Kwa hiyo nimesokota moja ya mkonge, naificha chini ya gunia la mahindi. Nilitaka kuifukia pale watakapochimba, waipate, mama aifungue kwa mkono wake, mpenzi wangu apumzike na kigutu chake kisiguswe na kisu. Ni uongo, nami nimeokoka, lakini ningetubu baadaye.

Jana jioni nilikuwa peke yangu jikoni nikiipiga fundo kama lile la siku ya nyoka, ambalo mama mkwe aliwahi kunionyesha. Nilipolivuta likakaza, nikamsikia mume wangu kutoka chumbani, "Nani ameikaza tena?"

Sijamwambia mtu yeyote habari ya kamba hii. Tangu hapo sithubutu kuifungua wala kuitia motoni. Nazo mbaazi zinakauka shambani, na wajomba wameanza kunoa majembe. Niizike, au nimtoroshe mume wangu nimrudishe hospitali, hata kama mama yake hatanisamehe? Nishaurini kabla ya mavuno, ndugu zangu, nifanye nini?