Udongo Usiolia

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoingia Bujumbura. Nilitoka Moba kwa boti hadi Kalemie, nikadandia malori ya mizigo hadi Uvira, siku tisa za vumbi na matope, kisha nikavuka mpaka wa Gatumba kwa miguu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, viatu vibovu na majivuno mengi. Kwetu ni wafinyanzi. Shangazi yangu alinifundisha kugonga chungu kwa ukucha na kusikiliza: kikilia ni kizima, kikinyamaza kina ufa.

Majivuno hayo yalinipatia kazi. Dada Hadija, mwenyeji wa mji, alikuwa na karakana ya hereni katika mtaa wa Cibitoke. Alitumia udongo wa plastiki, ule wa kiwandani unaouzwa vipande vipande ndani ya nailoni, unaokandwa mkononi kisha kuokwa kwenye oveni kama keki. Aliposikia mimi ni mtoto wa wafinyanzi, akaniachia kazi ya kuukagua. Sikumwambia kwamba udongo wa aina ile sikuwahi kuugusa.

Aliyekuwa akimletea ni Mama Neema wa Uvira. Alipokuja na mzigo mpya, nilioka kipande chembamba kama jani, kikapoa, nikakigonga. Kimya. Nikakibonyeza, kikapinda. Nikakitia mfukoni na kutangaza mbele ya wanawake wote, “Mubovu huu. Haulii hata kidogo.”

“We kijana,” akasema Mama Neema, “ulishaona wapi heleni inalia? Ni ngoma?”

Wanawake wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Badala ya kuuliza, nikakaza: huyu mama anatuletea takataka. Dada Hadija akaniamini mimi. Mama Neema akafunga mzigo wake taratibu.

“Mi sijaibia mutu. Kesho narudi Uvira, na huku amutaniona tena.”

Jioni tukaoka hereni za udongo mwingine uliokuwa karakanani, uliolia kama kikombe cha kaure. Asubuhi nikatumwa nazo kwenye duka moja la mtaa wa Rohero. Mwenye duka akaikunja moja kidogo kwa vidole viwili. Ikakatika kama biskuti. Ya pili vilevile.

“Hizi atavaa nani?” akauliza. “Sanamu?”

Nikatoka nje natafuta leso. Kwenye mfuko wa nyuma wa suruali nikakuta kile kipande cha Mama Neema. Nilikuwa nimekikalia tangu jana. Nikakikunja, kikakubali. Nikakiachia, kikanyooka. Kizima!

Nilikimbia mpaka yanapoegeshwa magari ya Uvira. Alikuwa ameshakaa, mzigo magotini, gari linanguruma.

“Mama, nisamehe. Udongo wako nimeukalia tangu jana, haukuvunjika.”

“Ati umeukalia?” Abiria wakageuka. “Basi makalio yako yana akili kupita masikio. Twende ukaseme vile mbele ya wale wamama.”

Akashuka. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia la mkaa.

Karakanani nilisema yote, hata lile la kutowahi kuugusa. Dada Hadija alinitazama sana. “Uliupima kama chungu. Huu unavaliwa, haupikiwi maharage.” Kisha akaupokea mzigo wote.

Basi mwanangu, ukinunua udongo huu, ukande mpaka upate joto la mkono. Ukizidi kumomonyoka kama ugali wa jana, umezeeka au umekaa juani, uache. Ukikunjika bila kupasuka, oka kipande chembamba, kipoe, ukipinde. Kizuri kinapinda na kurudi. Na kama hujui, sema hujui, kabla hujamwita mwenzio mwongo. Ujuzi wa kwenu ni wa kweli, lakini si kila kitu kinachoitwa udongo kilizaliwa kwenu.

Nilikaa Cibitoke miaka minne, mingi kwa miguu yangu isiyotulia. Asubuhi niliyoondoka moja kwa moja, Mama Neema alinishika mkono. “Enda. Mungu akupe watu wa kukukosoa popote utakapofika, na akupe moyo wa kuwasikia.”

Nimezunguka sana, sijapata dua kama hiyo. Nakuombea hiyo hiyo, mwanangu. Mimi niliitikia amina, nikapanda gari.