Jicho Lisilosalimia

Mutinda anajibu barua za wateja wa kampuni ya ng'ambo, akiwa sebuleni kwake Katelembo. Tangu kampuni iamuru kamera ya kompyuta isizimwe saa za kazi, hajikuni wala hapigi miayo kwa raha. Hata chai anakunywa kama mtu anayeiiba.

Jumanne mama mkwe wake akaja kutoka Masii. Ukambani mwanamume humpisha mama mkwe: akiingia yeye, wewe unatoka. Mutinda akainuka nusu, akaiona ile taa ya kijani ya kamera, akaketi tena. Mama wa watu akageuka, akaenda kukaa jikoni, kwenye moshi.

Kiti kikaota miiba. Punde mkewe, Kavutha, akachungulia.

"Mama anauliza kama umemkasirikia."

"Mwambie niko kazini. Kuna mtu ananiangalia."

Kavutha akaenda, akarudi na jibu.

"Anauliza, huyo mtu anayekuangalia tangu asubuhi, amekusalimia?"

Mutinda akaikodolea macho taa ya kijani. Kisha akainuka, akatoka kwa mlango wa mbele, akawaachia watu wa kampuni kiti wakiangalie.