Mwanamke Aliyekatazwa Kufika Nyunzu

Habari ya kifo cha fundi wetu wa nguo ilinifikia Jumatatu asubuhi, kwenye simu, ndani ya kundi lile lile alimokuwa akitutumia hadithi yake. Binti yake aliandika kwa ufupi: Papa ametutoka alfajiri hospitalini, ni moyo. Pole zikaanza kuingia. Katikati ya pole hizo msomaji mmoja aliandika, "Mungu amupokee. Sasa hadithi njo imeishia pale?" Nilisubiri akemewe. Hakukemewa. Badala yake wengine walimwekea kidole gumba, na mmoja akaongeza kwamba hata yeye alitaka kuuliza, ila aliona haya.

Wasomaji wa safu hii wasiomfahamu marehemu niwaeleze kwamba alikuwa na atelie ndogo ya kushonea karibu na barabara ya bandarini hapa Kalemie, na kwamba nguo nyingi za ndoa katika mtaa wetu zilipita chini ya sindano yake. Jioni, mashini ikinyamaza, aliandika hadithi kwa kidole kimoja na kuituma kipande kwa kipande. Hakulipwa, na hakutaka kulipwa. Hadithi ilikuwa ya mwanamke ambaye bwana yake alikwenda kutafuta madini upande wa Manono na hakurudi wala kutuma neno. Wakwe walimzuia nyumbani kwao kwa sababu mahari ilikuwa imetolewa. Alipika, alifua, alilala katika chumba ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mama mkwe. Nia yake ilikuwa moja tu: kupanda treni arudi kwa ndugu zake Nyunzu. Nia ya fundi nayo ilikuwa hiyo hiyo. Alitaka kumfikisha, kisha apumzike.

Hakuweza, na sababu ninaiona katika namna yake ya kazi. Fundi mzuri hakati nguo akaiona imekwisha. Anamwita mteja ajaribu, anasimama na pini mdomoni, anasikiliza: hapa panabana, hapa panalegea. Tena anaacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili mteja akinenepa nguo iweze kupanuliwa. Marehemu aliichukua desturi hiyo na kuiingiza nzima nzima katika uandishi. Kwake, kila kipande alichotuma kilikuwa nguo ya kujaribu. Akilalamikiwa, alifumua. Katika hadithi yake hakuna mtu aliyekufa kabisa. Walisafiri tu, ili wasomaji wakiwataka warudishwe.

Na wasomaji walitaka. Siku moja nilikuwa atelie nikingoja suruali, akaingia mama mmoja kujaribu nguo ya sikukuu. Kabla hajafika nyuma ya pazia alikuwa ameanza. "Papa Fundi, huyu bibi wako anaenda wapi na ile valizi ya nguo?"

"Anaenda gare, Mama, kupanda treni."

"Gare ya nini? Umuache kwa wakwe yake. Mimi bwana yangu alipotea miaka, nilibakia. Nilifua nguo za mama yake mpaka akazikwa. Yeye ni nani, aende?"

Fundi alicheka kidogo, akampima kiuno. "Mama, ni hadithi tu."

"Ni hadithi, lakini muke wa mutoto wangu anaisoma. Umurudishe. Na hapa kwa mukono panabana."

Siku hiyo fundi alipanua mkono wa nguo, na jioni mwanamke wa hadithi akarudi kutoka gare, kwa kuwa baba mkwe alimkuta kwenye foleni. Safari nyingine mtoto wa mwanamke huyo aliugua. Safari nyingine injini ya treni iliharibika. Nilipomuuliza yeye mwenyewe anataka nini, alitoa pini mdomoni ili ajibu vizuri. "Mimi nataka afike Nyunzu. Nimechoka kumurudisha. Lakini nguo ikirudishwa, unaitengeneza. Kazi ingine siijui."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Si kila lawama ya msomaji ni utovu wa adabu. Mzee mmoja aliyefanya kazi relini alimwandikia kwamba mlinzi wa treni hasimami pale alipomsimamisha, na fundi akasahihisha kwa shukrani. Hapo hadithi ilipata nguvu. Lakini anayekuonyesha mshono uliofumuka si sawa na anayetaka nguo ya mwenzake ikatwe kwa kipimo chake yeye. Marehemu hakuwatenganisha watu hawa wawili. Mteja wa atelie alingoja siku aliyopewa. Msomaji wa bure hakungoja hata wali uive. "Papa, umelala? Mega za interneti tumeweka za nini?" "Ukimutorosha huyu mwanamke, natoka kwa grupe." "Shona nguo, uandishi tuachie wenye kusoma." Yote hayo aliyajibu kwa heshima, moja moja, na mashini ikingoja.

Ninajaribu pia kuwaelewa wasomaji wenyewe. Wengi wetu katika mji huu hatuna kitu tunachoweza kukiagiza kikatii. Umeme unakwenda unapotaka, ajira vivyo hivyo, na wakimbizi walioko kambi ya Katanika wanangoja kurudi makwao bila kujua ni lini. Halafu anapatikana mtu mpole ambaye, ukimkaripia mchana, jioni anabadilisha maisha ya mtu mwingine kama ulivyosema. Ni vigumu kuuacha uwezo wa namna hiyo. Mwanamke alifungiwa na wakwe, fundi akafungiwa na sisi, nasi tulikuwa tumefungiwa kwa namna zetu, na kila mmoja alishika ufunguo wa mwenzake.

Jumapili moja, baada ya misa, alijaribu kujikomboa. Alituma mwisho. Treni iliondoka, mwanamke akiwa ndani. Mke wake aliniambia kwamba kabla ya chakula kuwa tayari simu ilikuwa imejaa matusi, na alimsihi aizime. Hakuizima. Alifuta mwisho ule, na siku iliyofuata akaandika kwamba yote yalikuwa ndoto. Alipolazwa, msomaji mmoja alimletea machungwa, akaketi kando ya kitanda na kumweleza jinsi bwana wa Manono anavyopaswa kurudi na gari.

Kwenye matanga, kiongozi wa kundi alisimama na kuomba, kwa adabu kabisa, kwamba mimi ninayejua kuandika niendeleze hadithi. Kabla sijajibu, viti vya plastiki vilianza kubishana: arudi kwa wakwe, hapana, bwana atokee, hapana, aolewe na shemeji. Ndipo mjane, aliyekuwa ameketi chini kwenye mkeka, akainua kichwa.

"Papa yenu alimupandisha ule mwanamke mu treni. Njo ninyi mulikuwa munamushusha. Mwenye kutaka kumushusha tena leo, asimame aende gare yeye mwenyewe."

Hakusimama mtu. Lakini kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi jipya bila kuulizwa, na maagizo yalikuwa yakinisubiri.

Jibu langu ni hili, na ndilo funzo pekee nililopata kwa marehemu: anayeandika awasikilize wote, kisha kuna mahali lazima akate kitambaa. Mwisho ule alioufuta alinisimulia hadi kufika, nami ninauandika kama alivyousema. Treni ilifika Nyunzu mchana. Mwanamke akashuka na valizi yake. Hakuna aliyekuja kumpokea, na alifurahi kwamba hakuna aliyekuja, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwagiza kitu. Wenye kupinga waniandikie. Nitasoma kila neno, na sitabadilisha kitu.