Mbegu Kumi na Mbili za Fundi

Fundi alishona nguo za watu miaka arobaini, na hakuwahi kumkabidhi mtu suruali ambayo hakuikata mwenyewe. Nguo za kununua tayari alizishika kwa ncha za vidole viwili, kama anayeshika panya kwa mkia. Alipostaafu akageukia bustani ya uani, na dharau yake akahama nayo.

Jumamosi moja mkewe alirudi kutoka sokoni na miche sita ya nyanya. Shemeji, yaani kaka wa mke, aliyekuja kusalimia tu akajikuta mezani, akaisifu.

"Hiyo ni mitumba," alisema Fundi. "Mtoto umemkuta ameshaota meno, halafu useme umemzaa wewe?"

"Sijasema nimemzaa," mkewe alijibu. "Nimesema nataka nyanya."

Hapo angenyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa, na Shemeji alikuwa anacheka. Fundi akasimama, akaapa kwamba kuanzia siku ile, nyanya itakayopita kwenye koo lake ni iliyoota kwa mbegu, ndani ya ua ule, basi. Haya yalitoka kwa mtu aliyekuwa akila nyanya mbichi kwa chumvi, wima, kabla hajavua viatu.

Akapanda mbegu kumi na mbili kwenye makopo ya rangi aliyoyatoboa chini. Udongo aliuchekecha, na kila mbegu aliizika kwa kina cha ukucha. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Balaa ni kwamba fundi mzuri haachi nguo mpaka siku ya kuchukuliwa. Humwita mteja aje ajaribishe. Kwa hiyo kila asubuhi Fundi, utepe wa kupimia shingoni, alizifukua mbegu zote kwa ncha ya sindano, akazikagua kwa miwani, akazilaza tena.

"Hivi wewe ukifunuliwa shuka kila alfajiri, utakua?" mkewe alimuuliza.

"Mimi nimeshakua."

Kumbe tisa zilikuwa zinaoza. Mbili zilichipua kweli, zikakatika shingo wakati wa kupimwa urefu. Ikabaki moja, ngumu, isiyooza wala kuota, na Fundi akaipenda kuliko zote kwa uvumilivu wake.

Miche ya mkewe ikazaa. Jikoni sasa zilichemka sufuria mbili: moja yenye nyanya, na moja ya mwenye kiapo, mchuzi wake umepauka hata paka akautazama mara mbili. Shemeji alikuja kila Jumamosi, akawa anakula nyanya polepole, kwa makusudi kabisa, akilamba chumvi vidoleni. Fundi aliumia. Aliumia sana. Lakini kiapo kilikuwa chake, na mashahidi walikuwa wanakula.

Mwezi wa sita Shemeji aliomba kuiona ile mbegu shujaa. Akavaa miwani ya Fundi, akaigeuza, akaigonga kwenye kopo.

"Shemeji, hii ni changarawe."

Fundi alichukua kopo lake, akazunguka nyuma ya jiko akamwage udongo. Huko, karibu na mfereji wa maji machafu, kwenye tope ambalo hakuna aliyelichekecha, ulikuwa umesimama mche wa nyanya unaomfika kiunoni. Ulikuwa na matunda matatu, mekundu.

"Ya mbegu!" alipiga kelele. "Ndani ya ua huu! Njooni mwone!"

Mkewe akaja akijifuta mikono. "Hapo ndipo ninapomwaga maji ya kuoshea vyombo," alisema. "Hiyo ni mbegu ya nyanya zangu. Huyo ni mjukuu wa mitumba."

Shemeji akaegemea ukuta kwa kicheko. Fundi alimtazama yeye, akamtazama mkewe, akaitazama nyanya. Akameza mate.

"Mjukuu haulizwi babu yake alinunuliwa wapi," alisema hatimaye, na mkono ukanyooka.

"Ngoja." Mkewe alisimama kati yake na mche. Mkono mmoja alikuwa ameshika kichupa cha chumvi, mwingine ameukunjua. "Kwanza lete hiyo sindano."

Fundi aliichomoa kwenye kola ya shati, ilikokaa miaka arobaini, akamkabidhi. Kisha akala nyanya tatu, wima, na viatu miguuni.